Uloto wa Mtu Baki kwa Mgonjwa Mzee: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Somo hili limekusudiwa familia ambayo mzee wake amegunduliwa kuwa na saratani ya damu, nayo imeambiwa kwamba tiba inayoweza kumponya ni kupandikizwa uloto wa mtu asiye ndugu yake. Habari hiyo huja na matumaini na hofu kwa pamoja, na mara nyingi huja pia na bei. Kazi yetu kama mamlaka ya udhibiti si kumchagulia mgonjwa tiba; uamuzi huo ni wake yeye na daktari wake. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba anayelipa anajua analipia nini.

Tutatumia mfano mmoja tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Mwalimu mstaafu wa Morogoro, mwenye umri wa miaka 67, amegunduliwa kuwa na lukemia kali ya mayeloidi. Dada yake ana miaka 72 na mdogo wake wa kiume ana miaka 63. Watoto wake ni watano, wote watu wazima. Amemaliza awamu ya kwanza ya dawa, na vipimo vinaonyesha kuwa ugonjwa umetulia. Mwanawe wa pili amewasiliana kwa simu na wakala anayepeleka wagonjwa nje ya nchi. Wakala huyo amesema mambo matatu: kwamba siku hizi umri si tatizo, kwamba mchangiaji atapatikana tu, kwa kuwa duniani wako mamilioni, na kwamba upandikizaji hufanikiwa kwa asilimia 97. Anataka nusu ya fedha kabla ya mwezi kwisha. Watoto wamekubaliana kuuza shamba.

Kila moja kati ya kauli hizo tatu ina ukweli ndani yake. Ndiyo sababu inafaa kuzichambua moja baada ya nyingine, kwa maana kauli yenye nusu ya ukweli hugharimu zaidi kuliko uongo mtupu.

Kinachofanyika hasa

Uloto ni ute laini ulio ndani ya mifupa, nao ndio kiwanda cha damu. Ndani yake zimo seli shina, ambazo huzaa seli nyekundu, seli nyeupe na chembe za kugandisha damu. Katika lukemia, seli changa zilizoharibika huzaliana bila mpango na kujaza kiwanda hicho, hata damu nzuri ikakosa nafasi.

Watu wengi hudhani kwamba kupandikiza uloto ni upasuaji. Kwa mgonjwa, sivyo. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali kwa siku kadhaa, wakati mwingine pamoja na mionzi, ili kupunguza ugonjwa na kuilegeza kinga yake isiwakatae wageni. Kisha seli za mchangiaji huingizwa mwilini kwa mpira wa mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Seli hizo hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa, na kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne huanza kutoa damu mpya.

Kwa mchangiaji ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuchomwa sindano ya dawa kwa siku 4 au 5 ili seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia kwenye damu, kisha damu hupitishwa katika mashine inayozichuja. Ya pili ni kuvuta uloto wenyewe kutoka kwenye mfupa wa nyonga, mchangiaji akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Uloto uliotolewa hujirudisha wenyewe baada ya wiki chache.

Kinachoponya si dawa kali peke yake. Kinga mpya iliyotoka kwa mchangiaji huzitambua seli za saratani zilizojificha na kuziangamiza. Lakini kinga hiyohiyo inaweza kuuona mwili mzima wa mgonjwa kuwa ni ugenini, ikashambulia ngozi, ini, utumbo, macho au mapafu. Huo ndio ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Unaweza kujitokeza katika miezi ya mwanzo, au baadaye na kudumu kwa miaka. Faida na hatari ya tiba hii, basi, zinatoka katika chemchemi moja.

Hapa tutahadharishe mambo mawili. Kwanza, maneno «seli shina» hutumiwa pia na watu wanaouza dripu za kutibu magoti, kisukari au uzee. Huduma hizo si upandikizaji tunaouzungumzia, na hazina uthibitisho ulio sawa na wake. Pili, si kila lukemia inahitaji pandikizi. Lukemia sugu ya mayeloidi, kwa mfano, ilibadilika kabisa tangu dawa ya vidonge iitwayo imatinibu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Wagonjwa wake wengi leo huishi kwa kumeza dawa. Anayekuuzia pandikizi kabla ya kukuuliza ni lukemia ya aina gani hajaanza kazi yake.

Kauli ya kwanza: «Siku hizi umri si tatizo»

Lukemia kali ya mayeloidi ni ugonjwa wa wazee zaidi kuliko vijana. Huko Marekani zaidi ya nusu ya wanaogunduliwa kuwa nayo wamevuka miaka 65. Hata hivyo, kwa miaka mingi pandikizi lilikuwa tiba ya vijana. Daktari E. Donnall Thomas, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo, na wenzake wa Seattle walitumia dawa na mionzi kwa kiwango ambacho mwili wa mtu aliyevuka miaka 50 au 55 haukuweza kukistahimili.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1990. Madaktari wa Seattle, Houston na Yerusalemu walionyesha kwamba si lazima kuufagia uloto wote kwa dawa kali. Inatosha kuilegeza kinga ya mgonjwa ili seli za mchangiaji zipate makao, kisha kuziachia seli hizo kazi ya kupambana na saratani. Kwa maandalizi haya mepesi, watu wa miaka 60 na hata 70 na zaidi walianza kupandikizwa.

Kwa hiyo wakala hakusema uongo: mlango haufungwi tena kwa tarehe ya kuzaliwa peke yake. Lakini madaktari wameweka kipimo kingine mahali pa umri, nacho ni hali ya mwili. Mwaka 2005 madaktari wa Seattle walichapisha orodha ya alama za magonjwa mengine ambayo mgonjwa anayo: ya moyo, mapafu, ini, figo, kisukari na mengineyo. Alama zikiwa nyingi, hatari ya kufa kutokana na tiba yenyewe huongezeka. Mzee wa miaka 70 anayetembea kwenda shambani na kurudi anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko mtu wa miaka 58 mwenye figo dhaifu.

Neno «jepesi» nalo lisitudanganye. Maandalizi ni mepesi kwa kulinganishwa na yale ya zamani. Hatari ya maambukizi na ya pandikizi kumshambulia mwenyeji ipo palepale. Pia, kwa kuwa dawa zimepunguzwa, saratani isiyotulizwa vema kabla ya kupandikiza ina nafasi kubwa zaidi ya kurudi.

Basi badala ya kuuliza «Je, kwa umri wake inawezekana?», familia iulize: «Je, moyo, mapafu, ini na figo zake zimepimwa, na majibu yanasemaje? Je, ugonjwa umetulia, na umethibitishwa kwa kipimo gani cha uloto, cha tarehe gani?» Vipimo vingi kati ya hivyo vinaweza kufanyika hapa nchini kabla hata ya tiketi kukatwa.

Kauli ya pili: «Mchangiaji atapatikana tu»

Mchangiaji hafuatwi kwa kundi la damu. Kinachoangaliwa ni alama za HLA, ambazo ni kama kitambulisho cha seli. Kila mtu hurithi seti moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa sababu hiyo, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mtoto wa mgonjwa kwa kawaida hulingana naye kwa nusu.

Kwa mgonjwa kijana, ndugu wa damu ndiye chaguo la kwanza. Kwa mzee kuna ugumu ambao watu hawautarajii: ndugu zake nao ni wazee. Dada wa Mwalimu ana miaka 72. Anaweza kuwa na shinikizo la damu au ugonjwa mwingine unaomzuia kutoa, na seli za mtoaji kijana kwa jumla hutoa matokeo mazuri zaidi. Ndiyo maana mtu baki mwenye umri wa miaka 25 anaweza kuwa na manufaa kwa mgonjwa wa miaka 67.

Wazo la kutafuta mtu baki halina umri mkubwa. Mwaka 1974 Shirley Nolan, mama aliyekuwa akimtafutia mwanawe Anthony mchangiaji, alianzisha London daftari la watu walio tayari kutoa uloto. Mwaka 1979 msichana wa miaka 10, Laura Graves, alipandikizwa huko Seattle uloto wa mtu asiye ndugu yake ili kutibu lukemia. Aliyelingana naye alipatikana kwa bahati miongoni mwa wafanyakazi wa kituo hichohicho. Anthony alifariki mwaka 1979 bila kupata mchangiaji, na lukemia ya Laura ilirudi baadaye na kumwondoa. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Daftari la kitaifa la Marekani lilianzishwa mwaka 1986, na leo madaftari ya dunia yaliyounganishwa yana watu zaidi ya milioni 40.

Hapa ndipo nusu ya pili ya ukweli inapojitokeza. Watu hao milioni 40 wengi wao wana asili ya Ulaya. Alama za HLA hufuata asili ya mtu, na watu wenye asili ya Afrika wana aina nyingi mno za alama hizo, ilhali waliojiandikisha ni wachache. Utafiti wa daftari la Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kupata mchangiaji aliyelingana naye kikamilifu. Kwa Mmarekani Mweusi nafasi hiyo ilikuwa asilimia 19. Barani Afrika daftari ni chache. La Afrika Kusini, lililoanzishwa mwaka 1991, ni miongoni mwa yale ya zamani.

Hatusemi hivi ili kuvunja moyo. Tunasema kwa sababu utafutaji wa awali katika madaftari unaweza kufanyika kabla ya safari. Hospitali inayotambulika huchukua alama za HLA za mgonjwa, hutuma maombi, na ndani ya muda mfupi hujua kama kuna watu wanaoelekea kulingana naye. Mtu aliyeonekana kwenye daftari bado si mchangiaji: huenda amehama, ameugua, ana ujauzito au amebadili nia. Huwa mchangiaji pale anapopimwa upya, akakubali na kuthibitishwa kuwa na afya.

Wako pia watoto. Tangu mwaka 2008 na kuendelea, madaktari wa Baltimore na kwingineko wameeneza utaratibu wa kutumia ndugu aliyelingana kwa nusu, kwa kumpa mgonjwa dawa iitwayo siklofosfamidi siku chache baada ya kupandikiza ili kutuliza mashambulizi. Familia yenye watoto watano wenye afya, basi, haina haki ya kuambiwa kwamba mtu baki ndiye njia pekee. Iulize kwa nini mtu baki amependekezwa badala ya mwana, nayo ipewe sababu.

Jambo la mwisho kuhusu mchangiaji ni la sheria na heshima. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyoidhinishwa mwaka 2010 inakataza kununua na kuuza seli za binadamu. Mchangiaji hurudishiwa nauli na gharama zake, lakini halipwi kwa uloto wake. Ada za kutafuta, kupima, kukusanya na kusafirisha ni halali, na huandikwa kwenye ankara. Mtu akikuomba «pesa ya mchangiaji» mkononi, au akikuahidi kumleta kijana aliye tayari kuuza, simama hapo hapo.

Kauli ya tatu: «Asilimia 97»

Hii ndiyo kauli iliyowafanya watoto wa Mwalimu waamue kuuza shamba, na ndiyo inayohitaji utulivu zaidi.

Huko Amerika Kaskazini ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusisha wagonjwa 551 waliopata seli za watu wasio ndugu zao. Nusu yao walipewa seli zilizochujwa kutoka kwenye damu, na nusu wakapewa uloto wa mfupa wa nyonga. Katika kundi la kwanza, pandikizi lilishindwa kushika kwa asilimia 3 tu. Yaani lilishika kwa asilimia 97.

Lakini katika kundi hilohilo, waliokuwa hai baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 51. Kati ya kushika kwa pandikizi na kuishi kulikuwa na maambukizi, mashambulizi ya kinga mpya, na saratani iliyorudi. Zaidi ya hayo, asilimia 53 ya kundi hilo walipata ugonjwa sugu wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, wakati katika kundi la uloto wa nyonga walikuwa asilimia 41. Waliokuwa hai katika kundi hilo la pili walikuwa asilimia 46, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya maana.

Tazama namba tatu za utafiti mmoja: 97, 51 na 53. Zote ni za kweli. Ya kwanza inajibu swali «Je, seli zilishika?» Ya pili inajibu «Je, mgonjwa yu hai?» Ya tatu inajibu «Je, anaishi na maradhi mengine?» Muuzaji huchagua swali linalompa namba kubwa. Mnunuzi ana wajibu wa kuuliza swali lake mwenyewe.

Hata namba ya walio hai haijitoshelezi bila mwenzake, yaani ni wangapi wangekuwa hai bila pandikizi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulijibu hilo kwa ugonjwa ulio jirani sana na lukemia, ambao uloto huharibika na mara nyingi huishia kuwa lukemia kali. Watu 384 wa miaka 50 hadi 75 walifuatiliwa. Baada ya miaka 3, kati ya kila 100 waliopatiwa mchangiaji aliyelingana nao, ndugu au mtu baki, wapatao 48 walikuwa hai. Kati ya kila 100 waliokosa mchangiaji, walikuwa hai wapatao 27. Hali ya maisha, kama wagonjwa wenyewe walivyoieleza, haikuwa mbaya zaidi kwa waliopandikizwa.

Matokeo hayo yasomwe kwa pande zote mbili. Pandikizi liliwaokoa wengi ambao wangekufa. Hilo si dogo, na ndilo linalofanya umri peke yake usiwe sababu ya kumnyima mzee tiba. Na bado, hata kwa waliopata mchangiaji, zaidi ya nusu hawakufikisha miaka 3. Familia inayojua mambo yote mawili iko tayari kuamua. Inayojua moja imeamuliwa na mwingine.

Fedha na mkataba

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashauri kwamba kabla ya malipo yoyote makubwa, familia iwe na karatasi hizi mkononi.

Kwanza, barua ya daktari bingwa wa damu hapa nchini inayoeleza aina ya lukemia, tiba iliyotolewa na sababu ya kupendekeza pandikizi. Pitia utaratibu wa rufaa hata kama utajilipia mwenyewe. Bila rufaa, kufuatiliwa hapa nchini ukirudi kunaweza kuwa kugumu. Muulize bingwa huyo pia ni huduma gani zimekwisha kufika hapa. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa kutumia seli za wagonjwa wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Hizo si tiba za mtu baki kwa mzee mwenye lukemia, lakini maana yake ni kwamba wapo nchini wataalamu wanaoweza kusoma mkataba wa hospitali ya nje na kukueleza kilichoachwa.

Pili, makadirio ya gharama yaliyotolewa na hospitali yenyewe, yenye anwani na sahihi yake, si picha ya simu kutoka kwa wakala. Yaonyeshe kwa vipengele: utafutaji wa mchangiaji, ukusanyaji na usafirishaji wa seli, siku za kulazwa zilizohesabiwa, na dawa. Yaseme pia ni nini kitatozwa endapo mgonjwa atapata maambukizi, akahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, au akahitaji kukaa zaidi ya siku zilizopangwa. Kwa mgonjwa mzee hayo si mambo ya nadra. Bei isiyoyataja haijakamilika.

Tatu, masharti ya kurudishiwa fedha. Itakuwaje ugonjwa ukirudi kabla ya siku ya kupandikiza? Itakuwaje mchangiaji akijitoa? Malipo ya awali yasiyorudishwa, yanayodaiwa kabla mchangiaji hajathibitishwa, ni mzigo ambao tunamshauri msomaji asiubebe.

Nne, gharama za kuishi. Mgonjwa hutakiwa kukaa karibu na hospitali kwa takriban siku 100 za mwanzo, akiwa na mtu wa kumuuguza muda wote. Kodi ya nyumba, chakula, viza na mshahara anaoukosa yule anayemuuguza havimo katika bei ya hospitali.

Kurudi nyumbani

Wakala humaliza kazi yake uwanja wa ndege. Kwa mgonjwa, nusu ya safari bado. Kwa miezi mingi atameza dawa za kutuliza kinga kama takrolimusi au siklosporini, ambazo kiwango chake katika damu lazima kipimwe mara kwa mara: kikishuka, pandikizi hushambulia, kikipanda, figo huumia. Kabla ya kuondoka nchini, ijulikane ni hospitali gani itapima kiwango hicho na ni duka gani la dawa lililosajiliwa litakaloziuza. Asibadilishiwe dawa kwa ya kampuni nyingine bila daktari kujua, na asinunue za njiani. Tumeona dawa zilizosafirishwa kwenye mabegi bila vifungashio. Hazina tarehe, hazina mtu wa kuulizwa.

Kinga aliyokuwa nayo tangu utotoni huwa imefutika, hivyo atahitaji kuchanjwa upya kwa ratiba ya daktari. Chanjo zenye virusi hai, ikiwamo ile ya homa ya manjano, asipewe mpaka daktari wa pandikizi aruhusu kwa maandishi. Akihitaji kuongezewa damu, watoa huduma waambiwe kwamba amepandikizwa uloto, kwa kuwa damu yake inatakiwa ipigwe mionzi kwanza. Kifua kikuu na malaria ni hatari kwake kuliko kwa wengine. Homa kwake si jambo la kusubiri asubuhi.

Njia nyingine, na sauti ya mgonjwa

Kutopandikizwa si sawa na kuachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa dawa mbili, azasitidini na venetoklaksi, wagonjwa wa lukemia kali ya mayeloidi waliokuwa na miaka 75 na zaidi, au wasioweza kustahimili tiba kali. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.7, ikilinganishwa na miezi 9.6 kwa waliopewa azasitidini peke yake. Dawa hizo hazitajwi kuwa tiba ya kuponya kama pandikizi, lakini kwa wengine ni muda mzuri unaotumika nyumbani. Huduma ya kutuliza maumivu nayo ni tiba, na ina haki ya kutajwa mezani.

Turudi Morogoro. Tuseme watoto wa Mwalimu wamesimamisha uuzaji wa shamba kwa wiki tatu. Vipimo vya moyo na figo ni vizuri. Utafutaji umeonyesha kwamba hakuna mtu baki anayelingana naye kikamilifu, lakini binti yake wa miaka 31 analingana kwa nusu na yuko tayari. Hospitali imetuma makadirio yenye vipengele, na wakala, alipoombwa aeleze asilimia 97 ni ya nini, hakupiga simu tena. Sasa familia imekaa sebuleni, na kwa mara ya kwanza anaulizwa mwenyewe: «Baba, wewe unaonaje?»

Hatutatunga jibu lake. Anaweza kusema anataka kujaribu, maana nafasi ya 48 kwa 100 ni kubwa kuliko ya 27. Anaweza kusema shamba libaki na yeye abaki nalo. Yote mawili ni majibu ya mtu mwenye akili timamu. Lengo la somo hili ni kwamba swali hilo liulizwe akiwa bado na nguvu za kulijibu, na kabla fedha hazijaondoka.

Kwa msomaji kijana tuna neno moja la ziada. Kama unaishi Uingereza, Marekani, Ujerumani au Afrika Kusini, unaweza kujiandikisha katika daftari la nchi hiyo kwa kutoa mate au kupanguswa ndani ya shavu. Daftari nyingi hupokea kuanzia miaka 16 au 18 na hupendelea walio chini ya miaka 35. Ile asilimia 19 haitabadilishwa na serikali wala hospitali peke yake. Itabadilishwa na watu wenye damu inayofanana na ya Mwalimu.

Maswali ya kujipima

1. Wakala amekuambia «mafanikio ni asilimia 90». Andika maswali mawili utakayomuuliza kabla ya kuipokea namba hiyo.

2. Kwa nini dada wa mgonjwa mwenye miaka 72, hata akilingana naye kikamilifu, anaweza asiwe mchangiaji bora?

3. Taja gharama tatu ambazo kwa kawaida hazimo katika bei ya hospitali.

4. Mgonjwa amerudi nyumbani na dawa za mwezi mmoja. Ni mambo gani yalipaswa kupangwa kabla hajasafiri?

5. Katika familia yako, ni nani angemuuliza mgonjwa anachotaka, na lini?